Mkufu wa mbegu umebunguliwa: je, nihamie shanga za plastiki?

"Shikamoo mtaalamu. Naishi Mafinga, natunga mikufu, hereni na bangili kwa mbegu na vipande vya mti, pia nafanya mapambo ya ukutani kwa koni za paini. Nauza Iringa mjini na kwa watu wa Dar wanaoagiza kwa simu. Mbegu za mkongo naletewa na shangazi kutoka huko chini kwenye joto, na zile nyekundu zenye doa jeusi naokota mwenyewe vichakani nikienda kumtembelea. Desemba mteja mmoja wa Dar, mwalimu, alinitumia picha: mkufu niliomuuzia mwezi wa saba una vitundu na unga unamwagikia nguo. Niliona aibu sana. Jirani alinishauri nipake vanishi mara mbili, nikapaka, lakini kwenye mikufu mingine vitundu vikatokea tena. Mwingine akanipa dawa ya unga ya kuhifadhia mahindi, nikaichanganya na mbegu zote zilizobaki. Sasa kuna dada ameniambia hereni zangu zinamwasha masikio. Mume wangu anasema niache haya, ninunue shanga za plastiki za dukani, zinang'aa na hazina kesi. Je, nihamie huko? Na kwa nini watu wanapenda vitu vya asili kama vinaharibika hivi?"

Marahaba, binti yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na mara ya pili nimekwama kwenye mambo mawili ambayo nadhani uliyataja kwa kupita tu: dawa ya mahindi na zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi. Wewe unahofia jina lako kuharibika kwa mwalimu wa Dar. Mimi nahofia kwanza ngozi za wateja wako na midomo ya watoto wao. Basi nianze na hayo, kisha tuje kwa wadudu, halafu tuzungumze juu ya ushauri wa mumeo.

Mbegu nyekundu ndogo, nyekundu ya kuiva, yenye doa jeusi upande mmoja kana kwamba imechovywa kwenye wino, wengine huiita turituri. Inatoka kwenye mmea unaotambaa na kujiviringisha kwenye vichaka, ganda lake likikauka linapasuka na mbegu zinabaki zimeng'ang'ania. Ni nzuri kweli, na watu wamezitunga shanga tangu zamani katika nchi nyingi za joto. Lakini ndani yake mna sumu inayoitwa abrini, moja ya sumu kali kuliko zote zinazotoka kwenye mimea. Kazi yake ni kuzizuia chembe hai za mwili zisitengeneze protini, na chembe isiyotengeneza protini inakufa. Mbegu nzima ikimezwa bila kutafunwa mara nyingi hupita na kutoka ilivyo, kwa sababu ganda lake ni gumu. Sasa fikiria wewe unafanya nini: unachukua sindano ya moto au drili, unalitoboa ganda hilo. Kinga yenyewe umeiondoa, kisha mkufu unavalishwa mama anayebeba mtoto anayeota meno, na mtoto huyo kila kinachoning'inia anakipeleka mdomoni. Vumbi la kutobolea nalo linakurukia wewe machoni na puani.

Kwa hiyo mbegu hizo ziache kabisa, hata kwa mapambo ya ukutani, maana pambo la ukutani likidondoka huokotwa na aliye mfupi zaidi ndani ya nyumba. Kama zako ni zile kubwa kidogo, za mti unaotoa maua mekundu kama moto kabla ya majani, nazo zina sumu ya aina nyingine, ziache vilevile. Mbegu za mbarika zenye madoadoa ziweke kwenye kundi hilohilo. Rangi nyekundu hutaikosa: mbegu ya mkongo ni nyeusi yenye kofia ya rangi ya moto, weusi na wekundu umeshawekewa pamoja. Wapigie wote waliowahi kununua mbegu za doa jeusi, waambie wazirudishe. Najua simu hizo ni ngumu kupiga. Na mtoto akionekana amezitafuna, asisubiriwe atapike au ahare, kwa sababu dalili zinaweza kuchelewa saa nyingi, wakati mwingine zaidi ya siku nzima. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo na mbegu iliyobaki mkononi ili daktari aione. Msimtapishe nyumbani.

Dawa ya mahindi nayo imetengenezwa ikae kwenye gunia, na hata huko mahindi yana muda wa kungoja na kuoshwa kabla ya kuliwa. Haikutengenezwa ikae shingoni mwa mtu mchana kutwa, jasho likiilainisha na ngozi ikiinyonya. Mbegu zote ulizochanganya usizitunge. Zitie kwenye mfuko wa plastiki ukiwa umevaa glavu, ufunge, uweke mbali na chakula na watoto, kisha umuulize afisa ugani wa kata yako namna ya kuziteketeza kwa usalama. Usizimwage mtoni na usizichome jikoni. Ni hasara, naijua, lakini ni hasara ya mbegu za kuokota.

Je, dawa hiyo ndiyo inayomwasha yule dada? Inawezekana, lakini mwulize kwanza: anawashwa wapi hasa? Kama ni shingoni au mahali mbegu zinapogusa, shuku dawa au vanishi isiyokauka vizuri. Kama ni tundu la sikio tu, pale ndoano ya hereni inapopita, shuku ndoano. Hereni nyingi za mbegu zinapolaumiwa, mkosaji ni kile kichuma cha bei rahisi, ambacho mara nyingi kina nikeli. Jasho huitoa nikeli kidogo kidogo, mwili wa baadhi ya watu unaichukulia kama adui, na ngozi inawasha na kutoa vipele saa kadhaa hadi siku mbili tatu baada ya kuvaa. Mtu akishapata mzio huo kwa kawaida haumwachi tena maishani. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo cha kisheria cha nikeli inayoweza kutoka kwenye hereni, kwa sababu hiyohiyo. Wewe nunua ndoano za stenlesi nzuri, za titani, au za fedha halisi kama mteja yuko tayari kulipia. Alama ya kijani inayoachwa na bangili ya shaba ni kitu kingine. Hiyo ni shaba imekutana na jasho, inaoshwa ikatoka.

Sasa wadudu. Kuna dhana moja nataka tuivunje, kwa sababu ndiyo iliyokufanya upoteze vanishi yako: kwamba mdudu anatoka nje na kuingia kwenye mkufu. Mkongo ni wa jamii ya mikunde, ukoo mmoja na maharage. Kumbuka maharage ya Mafinga unayoyaweka kwenye ndoo safi yenye mfuniko, ukija kufungua baada ya miezi mitatu unakuta vitundu na vidudu vinatembea. Hawakupenya mfuniko. Mama yao alitaga mayai shambani, ganda likiwa bado mtini. Kifunza kikaanguliwa, kikatoboa tundu dogo sana la kuingilia ambalo macho hayalioni, kikakaa humo ndani kinakula kiini. Kile kitundu cha mviringo alichokiona mwalimu ni mlango wa kutokea. Wakati wewe unatunga mkufu ule mwezi wa saba, mgeni alikuwa ameshalala ndani, baridi yetu ya Juni na Julai ikimpunguzia kasi. Mkufu ukashuka Dar kwenye joto, akakua haraka, akatoka. Vanishi umeipaka juu ya nyumba ambayo mwizi yumo ndani.

Dawa yake basi ni kumuua mdudu kabla hujatoboa wala kutunga, na njia zipo mbili zisizo na sumu. Ya kwanza ni friza. Kausha mbegu vizuri, zifunge kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, uziweke kwenye friza inayofika nyuzijoto 18 chini ya sifuri kwa wiki moja. Zitoe, ziache zikae siku moja ndani ya mfuko uleule bila kuufungua, la sivyo mvuke utazigandia na kuzilowesha kama chupa ya soda iliyotoka kwenye barafu. Kisha zirudishe wiki nyingine. Ile mara ya pili ina maana yake: yai au kifunza kilichovumilia mara ya kwanza kikianza kuamka, kinakutana na baridi tena. Kama huna friza, ongea na muuza samaki au muuza aiskrimu, mfuko wa kilo mbili hauchukui nafasi.

Njia ya pili ni jua, na hii imejaribiwa sana kwenye kunde: joto la nyuzi 57 likidumu kwa saa 1 linaua wadudu wa kunde katika hatua zote, kuanzia yai. Tandika plastiki nyeusi juu ya kitu kisichopitisha joto kwenda ardhini, kama gunia lililojazwa majani makavu, tandaza mbegu ziwe safu moja, funika kwa plastiki angavu, kandamiza kingo zote kwa mawe. Fanya kati ya saa sita na saa tisa mchana, siku isiyo na mawingu. Septemba na Oktoba Iringa inafaa sana, Januari yenu ya ukungu haifai. Nunua kipimajoto cha bei ndogo ukiweke humo ndani, usikisie kwa mkono. Angalizo: hii ni kwa mbegu ngumu zilizokauka. Vipande vya mti mbichi na mbegu za parachichi zitapasuka.

Baada ya hapo pima kila mbegu. Itupie kwenye beseni la maji: inayoelea ishuku kuwa ina uwazi ndani. Mkongo mzima una uzito unaousikia kwenye kiganja. Ukikausha baada ya kipimo cha maji, zihifadhi kwenye ndoo ya mfuniko unaobana, pamoja na vipande vya mkaa uliokaushwa juani, vimefungwa kwenye kitambaa. Mkaa utanyonya unyevu ulio ndani ya ndoo.

Maana tatizo la pili, ambalo hujaliuliza lakini litakuja, ni ukungu na kupasuka, na somo lake unalo ukutani tayari. Chukua koni moja ya paini, moja tu ya hizo unazookota, iliyokauka na kufunguka. Itumbukize kwenye maji, uendelee na kazi zako. Ukirudi baadaye utaikuta imejifunga, magamba yamelaliana. Ianike, itafunguka tena. Imekufa siku nyingi lakini inaendelea kufanya hivyo, kwa sababu kila gamba lina tabaka mbili, moja linavimba kwa maji kuliko jingine, kwa hiyo gamba linapinda. Mti wa bangili unafanya vivyo hivyo kwa siri: unavimba kifuku, unasinyaa kiangazi. Ukiuchonga mbichi, nje hukauka na kujikunja wakati ndani bado kumejaa maji, na hapo ndipo ufa unapotokea. Kata vipande vinene kidogo kuliko unavyotaka, paka nta ya nyuki kwenye ncha zilizokatwa kwa sababu huko ndiko maji yanakotoka kwa kasi, viweke kivulini penye hewa kwa miezi, si juani. Ndipo uchonge.

Kwa mwanzi ongeza hatua moja. Watu wa Iringa tunajua utamu wa mwanzi, ndio unaotupa ulanzi msimu wa mvua. Utamu huo na wanga wake ndicho chakula cha mdudu anayeugeuza mwanzi kuwa unga. Kata shina lililokomaa, la miaka mitatu au zaidi, wakati wa kiangazi, ulilowekee kwenye maji wiki mbili au zaidi ukibadilisha maji, wanga utoke. Harufu ya maji hayo haipendezi, weka pipa mbali na dirisha.

Na vanishi? Kwenye koni za ukutani sina ugomvi nayo. Kwenye kitu cha kuvaliwa, naishauri uiache, na hapa ndipo ninapoingia kwenye swali lako la mwisho, lile la kwa nini watu wanavipenda vitu hivi.

Asubuhi ya Julai Mafinga, vaa bangili ya chuma mkono mmoja, na ya mti mkono wa pili. Ya chuma inakung'ata. Ya mti huisikii. Zote mbili zimelala kwenye meza moja na zina baridi ileile, lakini chuma kinalivuta joto la mwili wako kwa haraka, mti unaliacha lilivyo. Hiyo ni sababu moja ambayo mteja hawezi kuitaja lakini mkono wake unaijua anaposhika kitu chako na kukiweka, kisha anakishika tena. Ya pili ni jicho. Shanga za plastiki zimetoka kwenye kalibu moja, jicho likiona tatu limeshaona zote. Mbegu ishirini za mkongo ni ishirini tofauti, moja imepinda, moja kofia yake imekula nusu ya mwili, na jicho linaendelea kutembea. Ya tatu ni muda: mbegu inayovaliwa inakunywa mafuta ya ngozi kidogo kidogo na kung'aa zaidi mwaka wa pili kuliko wa kwanza, wakati plastiki siku yake nzuri kuliko zote ni ile iliyotoka dukani. Ukiifunika mbegu kwa vanishi nene umeifanya plastiki kwa gharama ya mbegu.

Na mapenzi hayo si ya watalii, wala hayakuanza jana. Kwenye mapango ya Magubike na Mlambalasi, hapahapa mkoani Iringa, wachimbaji wa mambo ya kale wamepata shanga zilizochongwa kwa maganda ya mayai ya mbuni. Za Magubike baadhi yake umri unakaribia miaka 50,000. Mlambalasi ni pale tunapopajua kwa sababu ya Mtwa Mkwawa, aliyefia huko mwaka 1898, lakini muda mrefu mno kabla yake kulikuwa na mtu ameketi kwenye lile jabali akitoboa ganda dogo kwa jiwe lenye ncha, analizungusha taratibu lisipasuke. Shida yake na yako ni moja.

Badala ya vanishi, yeyusha sehemu moja ya nta ya nyuki na sehemu nne za mafuta ya nazi kwenye bakuli lililokaa juu ya maji ya moto, kamwe si motoni moja kwa moja. Ikipoa itakuwa kama mafuta ya kujipaka. Sugua kiasi kidogo kwenye mbegu, acha usiku mmoja, asubuhi futa kwa kitambaa kikavu mpaka kitambaa kisichukue kitu, la sivyo itachafua kola ya mteja. Usitumie mafuta ya alizeti ingawa ndiyo yaliyo jikoni: yakikutana na hewa yananata na kunuka.

Mumeo hajakosea kwa kila kitu. Plastiki hailiwi na mdudu, haioti ukungu, na mtu anayetaka bangili ya rangi ya samawati ya kung'aa kwa harusi ya Jumamosi hana sababu ya kununua mbegu. Kama unahitaji pesa ya wiki hii, weka shanga za dukani upande mmoja wa meza. Lakini hapo utashindana bei na kila mtu anayeweza kwenda Kariakoo, na wengi wana mtaji kukuzidi. Mbegu zako zilizokaushwa na kupimwa hazipatikani Kariakoo. Mimi nisingehama. Ningesimamisha mauzo miezi miwili, nisafishe akiba yote, nianze upya.

Ukiwa unaanza upya, utashawishika kuongeza miiba ya nungunungu, manyoya ya kanga pori, au kipande cha pembe ulichokiokota porini. Usiguse. Kisheria hizo ni nyara za Serikali hata kama umeziokota shambani kwako, na kuwa nazo bila kibali ni kosa kubwa. Ukiwa na shaka nenda ofisi ya maliasili ya wilaya uulize ana kwa ana. Pembe ya ng'ombe ni sawa, mradi itoke machinjio ambako nyama imepimwa, na uvae barakoa unapoipiga msasa.

Kwa mafunzo ya mkono kwa mkono, ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ni mahali pazuri pa kuanzia, beba na mbegu zilizobunguliwa, zitamwonyesha mtaalamu mengi kuliko maneno. Yule dada wa hereni, kama sikio limevimba, linatoa usaha au vipele vimeshuka shingoni, asipake dawa za kubahatisha, aende kituo cha afya na hereni zenyewe.

Mwalimu wa Dar, kama mkufu wake hauna zile za doa jeusi, mwambie ukweli kama nilivyokueleza, kwamba mdudu alikuwa ndani tangu mtini. Aufunge kwenye mfuko, auweke friza wiki mbili kwa utaratibu uleule, kisha akutumie kwa basi. Kata uzi, toa zenye vitundu, weka nzima, na safari hii funga fundo kati ya mbegu na mbegu, ili siku moja ikiharibika nyingine zisimwagike zote sakafuni. Kama mkufu una za doa jeusi, usiutengeneze, mtungie mpya. Nauli ya kurudisha lipa wewe.